Usitoke Mpaka Nikuite

Nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu huko Kimumu, na wengine mpaka Kiplombe, wanaosimulia habari hizi na hata harufu ya kile kituo cha maziwa hawaijui. Mimi niliona kila kitu kwa macho haya mawili, na pale macho yalipokwama masikio yalifika. Shule niliachana nayo mapema, tukaagana vizuri, lakini nileteeni mwenye digrii yeyote wa Uasin Gishu tushindane kusimulia, tuone nani atabaki na watu. Sogeeni basi. Mwenye mtoto mdogo amzibe masikio.

Kituo chenyewe kiko nje kidogo ya senta ya Ziwa. Kina uzio wa waya, lango moja la chuma, ofisi yenye mizani, tangi kubwa la kupozea maziwa, na huko nyuma kabisa kijumba cha mawe cha jenereta, kisicho na dirisha. Msimamizi wake alikuwa Kimeli, mzee wa kanisa, mtu mpole hivi kwamba ng'ombe wa jirani akiingia mahindini mwake, yeye humsindikiza kwao na kuomba radhi kwa usumbufu. Juu ya paa la ofisi kulikuwa na spika, ile yenye mdomo kama tarumbeta. Mkulima akileta mkebe, jina lake linaingia kwenye kompyuta, na zamu ikifika spika inamwita. Sauti ilikuwa ya Njambi, fundi wa kompyuta kutoka mjini Eldoret, aliyejirekodi akitaja wakulima wote, na majina ya Kikalenjin aliyavunjavunja mpaka wazee wakawa wanafika mapema ili wasikie wanavyoharibiwa.

Siku yenyewe ilikuwa kama siku nyingine, miaka kumi hivi baada ya vita vya kura, vile vya makabila vilivyofuata uchaguzi. Saa tisa alasiri maziwa yalikuwa yameshapokelewa, foleni imeisha, na Kimeli alikuwa ameinama kwenye bomba akisuuza mikebe. Spika ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno la heshima. Halafu sauti ya mwanaume, si ya Njambi, ikasema: "Kimeli."

Nyanya yake alikuwa amemfunza, kama sisi sote tulivyofunzwa, kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona, unanyamaza. Unamwacha aite mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa binadamu hachoki kuita, ila yule mwingine huita mara moja tu. Kimeli aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Lakini mikono ilikuwa ndani ya maji baridi, akili ilikuwa imeshatangulia nyumbani, na mdomo ukawahi.

"Eeh," akasema, "niko hapa."

Spika ikanyamaza, kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta.

Jioni alifunga ofisi, akachukua koti, akafungua lango na kutoka. Mguu wa kulia ulikanyaga kokoto za barabarani, hilo ana hakika nalo, alizisikia zikilia. Mguu wa kushoto ulipofuata, ulikanyaga saruji yenye mafuta. Alikuwa amesimama mbele ya kijumba cha jenereta, uso ukikaribia kugusa mlango. Akacheka peke yake, akasema uzee umeanza na miguu. Akarudi langoni, safari hii akitembea polepole na kutazama chini, akahesabu kila jiwe analolijua, akapita chini ya chuma cha lango, akaiona taa ya duka la kule ng'ambo na mtu akinunua mkate, akainua mkono amsalimie, na mkono ukagonga mlango wa mbao wa kile kijumba, ngo, na ndani ya kijumba mtu akaacha kupumua kama anavyoacha mtu aliyejificha.

Kimeli alilala ofisini, juu ya magunia. Yaani alijilaza.

Asubuhi alikuja mkewe, Jelagat, na chai kwenye thamosi na maneno ya kutosha kwenye ulimi, maana mume wake hakuwahi kulala nje tangu waoane. Alipoelezwa hakuamini. Alisema kama kuna mwanamke aseme tu. Kisha akamshika mkono, akamvuta kama mbuzi wa mnadani, wakapita lango pamoja wakiongea, naye Jelagat alikuwa katikati ya kumwambia kuhusu ndama mgonjwa alipohisi ule mkono umekuwa baridi na mwembamba. Akageuka. Alikuwa amekamata mshikio wa mkebe wa maziwa. Mume wake alikuwa kule nyuma, mbele ya mlango wa jenereta, mgongo umewageukia watu wote.

Watu wa kanisa walikuja. Waliomba mpaka sauti zikawakauka, wakampaka mafuta, wakambeba juu kwa juu wanaume kadhaa na mimi nikiwa upande wa mguu wa kushoto, wakatoka naye langoni wakiimba. Nje ya lango tulijikuta tumebeba koti. Hapo kuimba kuliisha, na kila mmoja akakumbuka ana ng'ombe wa kukamua.

Na kila siku, saa tisa ikigonga, spika ilikohoa na kumwita mara moja. Yeye hakujibu tena, lakini jibu ni kama sahihi, ukishaweka umeweka.

Jelagat ndiye aliyempigia simu Njambi. Njambi alikuja na mkoba wa kompyuta na mzaha wake wa siku zote, akamwambia Kimeli kwamba wazee wengine hutafuta kila sababu ya kutorudi kwa bibi, lakini hii ya kusingizia kompyuta ndiyo ya kwanza kwake. Akaketi mbele ya mashine, vidole vikaanza kucheza. Baada ya muda mfupi akasema ameipata.

Alieleza hivi, nami naeleza kama nilivyomsikia. Ndani ya kompyuta kuna kazi zinazojiendesha zenyewe kwa saa, kama jogoo. Nyingine mtu ameziweka kwa mkono wake. Lakini nyingine hakuna aliyeziweka. Zilikuja zimefungwa ndani ya kifurushi cha programu, na siku unapoweka kifurushi nazo zinaingia kimyakimya na kuanza kuhesabu saa. Hii ya saa tisa ilikuja na programu ya maziwa. Programu iliandikwa na fundi wa kwanza wa kituo, zamani, kabla ya ile kura. Mashine ilibadilishwa, lakini kifurushi kilihamishwa kama kilivyo.

"Si jini, Mzee," Njambi akasema. "Ni kazi ya ratiba tu. Naisimamisha, na leo unakula kwako."

Akaisimamisha. Umeme ukapotea, kama kawaida ya Ziwa mvua ikikaribia, ukarudi, na saa tisa spika ikakohoa.

Kesho yake akairudia, akaiambia mashine isiiamshe hiyo kazi wakati wa kuwaka. Spika ikakohoa vilevile, maana kulikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikiiamsha kutoka pembeni. Siku iliyofuata akakasirika, akaifuta faili nzima. Mashine ilipojikagua alfajiri ikaona pengo, ikaomba kifurushi upya kutoka ofisi kuu, na faili ikarudi mahali pake ikiwa safi kama haijawahi kuguswa. Kimeli alipanda juu ya paa na koleo akakata waya wa spika. Saa tisa spika, waya ukining'inia hewani, ilikohoa na kumwita. Kuzima kompyuta kabisa hakukuwezekana, kwa kuwa ndiyo iliyoendesha tangi, na ndani ya tangi kulikuwa na maziwa ya Ziwa nzima.

Njambi alikuwa ameacha mzaha. Alimvuta Jelagat kando, karibu na mizani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amefungua ile faili ya sauti yenyewe.

"Haina kitu, Mama Faith. Ni tupu. Hakuna sauti ndani."

"Na tunayoisikia?"

Njambi aliangalia tu kompyuta kama unavyomwangalia mbwa wa watu.

Jelagat alirudi kwa mume wake. Alimkuta amekaa kwenye magunia, macho yamezama, akinusa hewa. Alisema ananusa tairi linaloungua. Alisema anasikia mawe yakiburutwa barabarani, makubwa, yale ya kuziba njia, na barabara ilikuwa tupu, kulikuwa na mama mmoja tu akiuza viazi.

"Baba Faith," Jelagat akasema taratibu, "ni nani hukohoa hivyo kabla ya kuita?"

Kimeli aligeuza macho kwenye ukuta wa nyuma, upande wa kile kijumba. Kisha akatoa jambo ambalo hakuwa amelitoa hata kwa mchungaji.

Fundi wa kwanza aliitwa Ondiek, mtu wa kutoka upande wa Ahero, aliyekodi nyumba Kimumu na kuja Ziwa na baiskeli. Ndiye aliyeweka ile mashine ya kwanza na ile spika, na sauti ya kwanza kuita wakulima ilikuwa yake. Alikuwa na adabu, hamwiti mkubwa bila kukohoa kwanza. Ile Januari barabara zilipozibwa na mawe na matairi, alikuwa kazini, hana njia ya kurudi. Kimeli akamficha kwenye kijumba cha jenereta, akaweka kufuli kwa nje ili wapitao waone hakuna mtu. Akamwambia kupitia ufa wa mlango: usitoke, hata ukisikia watu unaowajua, usitoke mpaka nikuite jina lako. Ondiek akakohoa, akasema, "Sawa, Mzee. Nangoja."

Kimeli akaenda nyumbani kutazama watoto, na huko akazuiwa na vijana waliosema kila mwanaume abaki kulinda njia. Aliporudi siku kadhaa baadaye, vijana walikuwa wamekaa kwenye lango la kituo wakinywa maziwa ya watu. Akafika mlangoni. Angemwita Ondiek kwa jina, wangelisikia jina, na vijana wale hawakuuliza ulipiga kura upande gani, jina lolote la mgeni lilikuwa hukumu. Akafungua kufuli bila kusema neno. Kufuli lilikuwa zima, mlango mzima, kuta za mawe. Ndani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na viatu, vimepangwa pamoja kama vya mtu aliyelala.

"Sikumwita," Kimeli akasema. "Mpaka leo sijawahi kutamka hilo jina hapa."

Na dada yake Ondiek, Aketch, alipopiga simu akilia, Kimeli alimwambia kwamba kaka yake alipanda lori la kwenda Kisumu, amemwona kwa macho yake. Alidhani anampa matumaini. Kwa hivyo kule Ahero hawakuzika, hawakulia, walikaa miaka yote hiyo wakimwekea chakula mtu wa lori.

Jelagat hakumlaumu. Alifunga leso yake na kwenda Ahero.

Alirudi na Aketch siku ya mawingu mazito, yale yanayoshuka Ziwa mpaka unahisi ukiinua mkono utayagusa. Aketch alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi za mapema, na begani alibeba mfuko wa kiondo ulioinamisha bega kwa uzito. Hakumsalimia Kimeli. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Lori la rangi gani?" akamuuliza.

Kimeli akainamisha kichwa.

"Mama yangu alikufa akiuliza lori lilikuwa la rangi gani," Aketch akasema. "Nilimwambia la bluu. Na mimi nikadanganya, unaona."

Akafungua kiondo. Ndani kulikuwa na yago, lile tunda refu la kijivu, zito kama mtoto, linaloning'inia mtini kwa kamba. Akaeleza kwamba kwao mtu akipotea na mwili usionekane, kaburi haliachwi bila kitu. Huzikwa yago mahali pake, kwa jina lake, kwa kilio chake chote. Pengo likiachwa wazi, mwenyewe hurudi kulijaza. Amekuja kumchukua kaka yake alipo, halafu yago litazikwa nyumbani, kando ya mama.

Njambi alikuwa ameganda mbele ya kompyuta. Akasema polepole kwamba yeye naye, usiku mzima, amekuwa akifikiria kitu hichohicho. Akifuta faili, mashine inaona pengo na kulijaza. Basi asifute. Aweke mahali pale kitu chenye jina lilelile, kinachoelekea kwenye utupu. Mashine ikija kutafuta itakuta jina lipo, itaridhika na kupita, na hakuna kazi yoyote itakayoweza kuiamsha tena, kutoka mbele wala pembeni.

Njambi na Aketch wakatazamana. Nje mvua ya mawe ikaanza kupiga bati.

"Zote mbili," Aketch akasema. "Siwezi kumpeleka nyumbani na huku mdomo wake umebaki ukiita. Atavutwa arudi."

Hapo Kimeli akanyanyuka. Alizungumza taratibu sana, ikabidi tusogee, na mvua ya mawe ilikuwa imezidi, ikipiga paa na tangi na mikebe iliyopangwa nje, na ndani ya mlio huo, sisi tuliokuwa pale tukaanza kusikia ule mwingine, wa mawe makubwa yakiburutwa barabarani, na harufu ya tairi ikapenya chini ya mlango, na kule nyuma ya ukuta, ndani ya kijumba, kitu kikajigeuza taratibu kama mtu anayekaa vizuri ili asikie.

"Yeye aliambiwa asitoke mpaka aitwe na aliyemweka," Kimeli akasema. "Mimi nimewekwa na yeye. Ukiiziba hiyo sauti, Njambi, mimi nitaitwa nje na nani?"

Njambi aliondoa vidole kwenye kompyuta na kuvificha mapajani.

"Basi iache," Jelagat akanong'ona. "Iache, labda siku moja huyo anayeita atamhurumia mume wangu."

Kimeli akamwangalia Aketch. Yule mama alikuwa amelipakata yago mikononi.

"Nilipokuwa njiani nilitaka uozee humu," Aketch akasema. "Sasa sijui ninataka nini. Chagua wewe."

Ilikaribia saa tisa. Kimeli alitoka akaingia kwenye mvua ya mawe bila koti, ikimpiga kichwa na mabega, akazunguka ofisi, akasimama mbele ya ule mlango ambao siku hizo zote miguu yake ilikuwa ikimpeleka bila ruhusa. Safari hii alikwenda mwenyewe. Sisi tulimfuata, Aketch mbele na yago lake, Njambi akabaki ofisini na kompyuta. Akaweka kiganja kwenye mbao.

"Ondiek," akaita. Akaita tena, kwa nguvu, jina lote likatoka mpaka likavuka uzio na kufika barabarani. "Ondiek, toka. Ni mimi. Ondiek, njia imefunguka, toka."

Mlango ukafunguka kwa ndani. Hatukuona mtu. Tuliona tu mvua ya mawe ikiacha nafasi katikati, yenye kimo cha mtu mzima, ikienda polepole kama anayetembea bila viatu kwenye kokoto. Ilimpita Kimeli. Ikafika kwa Aketch, naye akainamia yago na kuliambia kwa Kijaluo, "Wadhi dala," yaani twende nyumbani. Mikono yake ikashuka ghafla, kama mtu aliyeongezewa mzigo.

Kupitia dirisha la ofisi Kimeli akamwashiria Njambi kwa kidole.

"Ziba," akasema. "Mwache akapumzike."

Njambi akabonyeza huku akilia. Saa tisa ikafika. Tuliinua vichwa sote kutazama spika. Haikukohoa. Mvua ya mawe ikakatika, na hewa ikanuka maziwa mabichi na udongo, basi.

Aketch alilizika yago Ahero, na kilio alicholia, wanasema, kilikuwa cha miaka yote kwa pamoja. Na Kimeli? Kimeli alifuta uso, akachukua koti lake, akatembea mpaka langoni. Mguu wa kulia ukakanyaga kokoto, wa kushoto ukafuata, ukakanyaga kokoto. Akapita duka, akapita shule, akafika kwake jua likiwa bado lipo, akanywa mursik, maziwa yetu ya mgando, kibuyu kizima, na yule ndama akamlamba mkono.

Hivyo ndivyo ninavyopenda kuimaliza, na watu huniagizia chai nikifika hapo.

Lakini kwa kuwa mmenisikiliza bila kunikatiza, niwaambie. Nimesema niliona kila kitu, na yote ni kama nilivyoyasema, ya mkebe, ya koti, ya mvua kuacha nafasi. Ni hapo pa lango tu nilipotia mkono wangu. Nilikosa moyo wa kumwacha mle, nikaona nimtoe, hata kama ni kwa mdomo.

Pelekeni maziwa Ziwa mtamkuta. Mizani yake haimwibii mtu. Jelagat humpitishia chakula katikati ya vyuma vya lango, na jioni, kabla ya kuondoka, husimama kule nje kwenye kokoto na kumwita kwa jina lake, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Kimeli huitika kila mara. "Eeh," husema, "niko hapa."